Dhamana ya Cheti cha Dawa: Kutoka Daftari la 1957 Hadi Kompyuta za Kajiado

Tarehe 1 Mei 1957, Kenya ikiwa bado koloni la Uingereza, ilianza kutumika sheria ambayo hadi leo inaamua mkazi wa Kitengela atauziwa vipi dawa kali. Hiyo ni Sheria ya Dawa na Sumu, Sura ya 244, iliyopitishwa mwaka uliotangulia na kuizaa Bodi ya Dawa na Sumu. Siku hizo Kitengela ilikuwa nyanda za malisho za Wamaasai, kusini mwa Nairobi kwenye njia ya kwenda Namanga. Sensa ya 2019 iliukuta ni mji wa watu 154,436, wa pili kwa ukubwa katika Kaunti ya Kajiado baada ya Ongata Rongai, na maduka ya dawa yamejaa kando ya barabara kuu na kwenye vichochoro vya mitaa yake.

Sheria iliyotungwa zama za kalamu ya wino sasa inasimamia maduka yenye kompyuta kaunta na simu mkononi mwa kila muuzaji. Kati ya 1957 na leo zimeongezwa sheria nyingine, kanuni, miongozo na hukumu za mahakama. Ukizifuata moja baada ya nyingine unakuta zinarudi kwenye swali lile lile: daktari akishaandika dawa, nani ana dhamana ya kuitunza habari hiyo, na nani atajibu ikipotea, ikikosewa au ikivuja?

Sahihi, tarehe na jina

Sheria ya 1957 ililijibu swali hilo bila kuzunguka. Dawa zilizowekwa katika sehemu ya kwanza ya orodha ya sumu haziuzwi kwa matibabu mpaka kuwe na maagizo ya maandishi, yaani cheti cha dawa. Anayeyaandika atie sahihi yake ya kawaida, tarehe na anwani. Aandike jina na anwani ya mgonjwa, kipimo cha kila mara na jumla ya dawa atakayopewa. Daktari wa meno aonyeshe kwamba dawa ni ya meno tu, na daktari wa mifugo kwamba ni ya mnyama tu.

Sharti hilo la mwisho lina uzito wake Kajiado. Oksitetrasaiklini inayodungwa ng'ombe mwenye homa iko katika ukoo mmoja na dawa ambazo binadamu huandikiwa hospitalini. Boma la mfugaji lina wagonjwa wa aina mbili, na chupa za wote huweza kukaa kwenye rafu moja. Kwa hiyo waliotunga sheria walitaka karatasi yenyewe iseme dawa ni ya nani.

Muuzaji naye alipewa wajibu wake. Duka liwe chini ya mfamasia aliyesajiliwa na jina lake lionekane. Uuzaji wa sumu uingizwe daftarini. Maagizo yaliyokwisha kutumika yatunzwe mle mle dukani kwa muda uliowekwa, mahali ambapo mkaguzi akiyataka atayapata. Mwaka 1994 Bunge lilipopitisha sheria mpya ya kudhibiti mihadarati na dawa zinazoathiri akili, dawa kama mofini zilizidi kubanwa.

Mambo mengi ya sheria ile yalikopwa Uingereza, ambako tangu 1868 muuza sumu alilazimika kuandika daftarini jina la mnunuzi. Ilikuwa sheria ya kikoloni, na ilitungwa ikiwaza miji midogo yenye maduka machache. Hata hivyo iliacha urithi ambao haifai kuutupa. Kila karatasi ilikuwa na mtu anayejulikana kwa jina, na huyo ndiye aliyeulizwa.

Daftari la mgonjwa mfukoni

Kwa wananchi wengi mambo yalikwenda njia nyingine. Katika hospitali na zahanati za umma mgonjwa alifika na daftari dogo la shule alilonunua mwenyewe. Humo daktari au afisa wa kliniki aliandika ugonjwa na dawa, mgonjwa akapeleka daftari kwenye dirisha la dawa, kisha akarudi nalo nyumbani. Kumbukumbu ya matibabu ilikuwa mali yake kwa maana halisi, kwani alilala nayo.

Kajiado ni kaunti ya zaidi ya kilomita za mraba 21,000, na watu wake huhama. Mfugaji hufuata mvua na majani. Mfanyakazi wa viwanda vya Athi River hupanga nyumba Kitengela mwaka huu, na mwakani akahamia Isinya. Mama huanzia kliniki Loitokitok na kujifungulia Kajiado mjini. Daftari lililonyeshewa au lililosahauliwa kwa shangazi lilimaanisha kuanza matibabu upya.

Kupotea kwa kumbukumbu kuna gharama ambayo mgonjwa huilipa kwa mwili wake. Chukua rifampisini, mojawapo ya nguzo za matibabu ya kifua kikuu. Dawa hiyo hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi. Hupunguza pia nguvu ya baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI, hata anayetumia dolutegravir hulazimika kuimeza mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Daktari asiyejua kwamba mgonjwa aliye mbele yake aliandikiwa rifampisini mjini kwingine anaweza kumwandikia dawa sahihi kwa kipimo kisichofaa. Hapo ndipo haja ya kuhifadhi maagizo ya dawa mahali panapofikiwa na watabibu wengi ilipozaliwa. Kuitetea haja hiyo ni kutetea uhai wa watu.

Mosoriot, mbele ya sheria

Sweden ilituma maagizo ya dawa kwa njia ya kompyuta mwaka 1983, kwa majaribio. Estonia iliyasambaza nchi nzima kuanzia Januari 2010. Mwaka huo huo Marekani iliruhusu hata dawa zinazodhibitiwa ziandikwe kwa kompyuta, kwa masharti mazito: anayeandika athibitishe utambulisho wake kwa njia mbili tofauti, na kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 2. Huko Marekani serikali iliweka masharti kwanza, kisha ikafungua mlango.

Kenya ilianza kutoka upande mwingine. Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana waliwasha mfumo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta, mahali ambapo stima yenyewe haikuwa ya kutegemewa. Kazi hiyo ilichangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu huria iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006 na ambayo leo inatumika katika nchi nyingi duniani. Mfumo wa KenyaEMR, uliosambazwa tangu 2012 katika mamia ya vituo vinavyotoa dawa za virusi vya UKIMWI, ulijengwa juu ya msingi huo. Ni kazi ambayo Mkenya ana haki ya kujivunia.

Lakini tuangalie kilichoingia kompyutani kwanza. Fedha nyingi za mifumo hiyo zilitoka kwa wafadhili wa vita dhidi ya UKIMWI, kwa hiyo kumbukumbu za mwanzo zilikuwa za ugonjwa ambao watu waliuficha hata kwa ndugu. Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI mwaka 2006, iliyolinda siri ya hali ya mgonjwa. Kuhusu kompyuta yenyewe, nani aifungue, nakala ikae wapi na kampuni ikiondoka nani abaki na funguo, sheria ilikuwa bado kimya.

Marekebisho ya sheria ya mawasiliano yaliyoanza kutumika Januari 2009 yalizipa kumbukumbu na sahihi za kielektroniki nguvu ya kisheria. Hati chache ziliachwa nje, kama vile wasia na hati za umiliki. Maagizo ya dawa hayakutajwa miongoni mwa zilizoachwa. Kwa hatua hiyo, sahihi ya wino iliyodaiwa na Sura ya 244 ilipata mwenzake wa kidijitali.

Mwaka 2010 wizara mbili zilizosimamia afya wakati huo zilitoa viwango na miongozo ya mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa. Miongozo hiyo ilieleza mfumo unavyopaswa kushughulikia uandikaji wa dawa, usalama na ubadilishanaji wa habari. Ukaguzi uliofuata mwaka 2011 ulikuta zaidi ya mifumo kumi tofauti ikitumika nchini, kila mmoja na lugha yake. Miongozo ilikuwa mizuri, ila mwongozo humwongoza anayetaka kuongozwa. Haukuwa na meno ya sheria.

Ahadi ya miaka 3 iliyochukua 6

Katiba ya 2010 ilibadilisha mambo mawili yanayomgusa kila mwenye cheti cha dawa. Ibara ya 31 ilimpa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo habari za familia na mambo yake binafsi. Ugatuzi nao ulihamishia hospitali mikononi mwa kaunti kuanzia 2013. Hospitali ya Rufaa ya Kajiado na ile ya Kitengela zikawa chini ya serikali ya kaunti, huku sera ya afya na udhibiti wa dawa vikibaki kwa serikali ya taifa. Dhamana iliyokuwa ya mtu mmoja kaunta ikaanza kugawanyika.

Sheria ya Afya ya 2017 ilikuwa ya kwanza kuitambua afya ya kidijitali kuwa njia rasmi ya kutoa huduma. Ilimwagiza waziri ahakikishe kwamba ndani ya miaka 3 kunatungwa sheria ya kusimamia hazina za data ya afya, ukusanyaji wake na matumizi ya habari za wagonjwa. Miaka 3 ilikwisha 2020. Sheria hiyo ilisainiwa Oktoba 2023.

Muda huo wa katikati haukuwa mtupu. MYDAWA, duka la dawa la mtandaoni lenye leseni, lilikuwa limeanza 2017. Mwaka 2020 janga la Korona lilifungia watu majumbani, na daktari kumhudumia mgonjwa kwa simu likawa jambo la kawaida. Hapo mazoea mapya yakaota mizizi mijini kama Kitengela. Mgonjwa hupiga picha karatasi ya daktari, huituma kwa muuza dawa kupitia WhatsApp, hulipa kwa M-Pesa, na bodaboda huleta dawa mlangoni. Ni huduma ya haraka, na kwa mzee asiyeweza kutembea ni msaada mkubwa. Lakini simu ya muuzaji imekuwa ghala la vyeti vya dawa, vyenye majina na magonjwa ya majirani zake, na ghala hilo huenda naye nyumbani kila jioni.

Pengo hilo la sheria lilizibwa kwa kiasi na Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba 2019. Imeiweka data ya afya katika kundi la habari nyeti. Inaruhusu ishughulikiwe na mtoa huduma ya afya au chini ya dhamana yake, au na mtu aliyefungwa na wajibu wa kutunza siri. Habari zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mwenyewe, kamishna ajulishwe ndani ya saa 72. Faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kiwango kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Mgonjwa ana haki ya kujua data yake inatumiwaje, kuiona, na kudai makosa yasahihishwe.

Immaculate Kassait aliapishwa kuwa Kamishna wa kwanza wa Ulinzi wa Data Novemba 2020, na usajili wa wanaotunza data ulianza Julai 2022. Watoa huduma za afya hawakupewa msamaha wa kujisajili kwa sababu ya udogo wao. Kwa hiyo hata kemisti wa chumba kimoja mwenye kompyuta ya wagonjwa yuko ndani ya sheria. Kanuni za 2021 ziliongeza kwamba data ya afya inayotumiwa kwa shughuli nyingine isiyo kumtibu mwenyewe moja kwa moja ishughulikiwe kwenye mitambo iliyo Kenya, au angalau nakala moja iwe nchini. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna ilitoza faini shule moja, klabu moja ya burudani na mkopeshaji mmoja wa mtandaoni, jumla ya shilingi milioni 9.375, kwa kutumia vibaya picha na habari za watu. Wenye maduka ya dawa walipaswa kulisoma tangazo hilo kama linalowahusu.

Sheria ya 2023 na mahakama

Tarehe 19 Oktoba 2023, Rais William Ruto alisaini sheria nne za afya kwa mpigo. Mojawapo ilikuwa Sheria ya Afya ya Kidijitali, Nambari 15 ya 2023. Iliunda Wakala wa Afya ya Kidijitali na kuagiza kuwe na mfumo mmoja wa taifa unaounganisha habari za afya. Iliitaja data ya afya kuwa rasilimali ya kimkakati ya taifa, na kuweka utaratibu wa kuthibitisha programu zinazotumika katika tiba. Kwa mara ya kwanza, programu inayohifadhi maagizo ya dawa ilipata msimamizi mwenye nguvu ya sheria.

Sheria hiyo haikukaa kwa amani. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu ilisimamisha utekelezaji wake kwa muda, na Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikalegeza zuio. Tarehe 12 Julai 2024 majaji watatu, Alfred Mabeya, Robert Limo na Fridah Mugambi, walitamka kwamba sheria tatu kati ya zile nne, ikiwemo ya kidijitali, zilikiuka Katiba. Wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Majaji waliipa serikali siku 120 kurekebisha, na Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu yao. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, na mfumo wake wa kompyuta ukaingia hospitalini.

Machi 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, Nancy Gathungu, ilirudisha swali la 1957 mezani. Mfumo huo, wa shilingi bilioni 104.8 kwa miaka 10, unatoka kwa muungano wa kampuni unaoongozwa na Safaricom. Mkaguzi alisema serikali haiumiliki: mitambo na haki za ubunifu ni za muungano huo. Desemba 2025 serikali ilipotia saini mkataba wa ushirikiano wa afya na Marekani, Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda vipengele vinavyohusu kupeleka data ya afya nje, baada ya shirika la kutetea walaji kwenda kortini.

Majirani nao wamekuwa wakitunga. Sheria ya Uganda ya kulinda data ni ya mwaka 2019, na ya Tanzania, iliyopitishwa 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Hilo lina maana kwa Namanga, mpakani na Tanzania, ambako mgonjwa hutibiwa upande mmoja wa mpaka na kununua dawa upande wa pili. Cheti chake kinatoka mkononi mwa mdhibiti mmoja na kuingia kwa mwingine kabla hajafika nyumbani.

Nani anajibu kaunta?

Sasa turudi kwenye kaunta ya Kitengela na kuhesabu wenye dhamana. Mfamasia yuko chini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Daktari aliyeandika dawa yuko chini ya baraza la madaktari. Hospitali ya umma ni ya kaunti. Mfumo wa taifa uko chini ya Wakala, na mitambo ni ya kampuni. Siri ya mgonjwa inalindwa na Kamishna wa Data. Programu ndogo ambayo kemisti aliinunua kwa fundi wa mjini, na simu yenye picha za vyeti, vinapaswa kuwa chini ya wengi wa hawa kwa pamoja.

Wasimamizi wengi wanaweza kuwa ulinzi, maana kila mmoja anaona asichokiona mwenzake. Kwa mgonjwa mara nyingi wanakuwa mlango wa kumtoa nje. Akiuliza kwa nini orodha yake ya dawa imekosewa, kaunti humwelekeza kwa mfumo, mfumo kwa wizara, wizara kwa kampuni. Mwaka 1957 mkaguzi alijua amwulize nani. Hatukupiga hatua hizi zote ili mgonjwa wa leo akose hata hilo.

Mambo matatu yanaweza kufanywa bila kungoja sheria nyingine.

Kwanza, kila kituo cha afya na kila duka la dawa Kajiado libandike ukutani jina na nambari ya afisa anayehusika na kumbukumbu za wagonjwa, karibu na leseni ya mfamasia. Maelezo ya haki ya mgonjwa yawe kwa Kiswahili na Kimaa. Haki isiyoeleweka na mwenyewe haimfai kitu.

Pili, mgonjwa akiomba orodha ya dawa zake, apewe siku hiyo hiyo, imechapishwa au imeandikwa kwa mkono. Sheria ya 2019 imempa haki ya kuiona, na mfugaji anayeondoka alfajiri kufuata malisho hawezi kungoja majibu ya maombi yaliyotumwa Nairobi. Karatasi hiyo itamsaidia pia siku stima au mtandao utakapokatika.

Tatu, wakaguzi wa Bodi wanaopekua rafu na leseni wakague pia kompyuta na simu: nani ana nywila, nakala ya akiba iko wapi, picha za vyeti hufutwa lini. Programu isiyothibitishwa isiruhusiwe kutunza kumbukumbu za dawa za watu, kama ambavyo dawa isiyosajiliwa hairuhusiwi rafuni. Bodi na Ofisi ya Kamishna wa Data zikienda pamoja, ziara moja itatosha.

Hakuna haja ya kuiogopa kompyuta. Mosoriot ilionyesha zaidi ya miaka 20 iliyopita kwamba kumbukumbu nzuri zinaweza kutunzwa hata kijijini. Kinachodaiwa sasa ni ujasiri wa kisheria: mfumo wowote utakaoshika cheti cha dawa cha mtu wa Kajiado, uwe wa serikali, wa kaunti au wa kampuni, uwe na binadamu mmoja aliyetajwa kwa jina, mwenye mamlaka ya kusahihisha kosa na wajibu wa kulijibia. Serikali ya Kajiado inaweza kuanza na hospitali zake yenyewe, na inapaswa kuanza mwaka huu.